Barua kwa Mhariri: Redio ya mawimbi dhaifu ibuniwe kuanzia juu ya mlingoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili nichangie mjadala ulioanzishwa na makala mliyoichapisha kuhusu kizazi kipya cha redio za ridhaa, yaani za watu wanaorusha kwa kupenda tu na si kwa biashara, za masafa ya VHF na UHF (megahezi 30 hadi 3,000). Mwandishi wa makala hiyo alizipima redio kwa ukubwa wa skrini zake, kwa wingi wa mitindo ya mawasiliano zinayoikubali, na kwa wati zinazotoka kwenye tundu la antena. Hayo yana maana kwa mnunuzi, na sina ugomvi naye. Hata hivyo, kwa wale ambao shughuli yao ni kuwasiliana kwa mawimbi dhaifu, yaani mawimbi yanayofika yakiwa yamekwisha kuzama ndani ya kelele, makala iliacha swali lililopaswa kutangulia mengine yote: redio hiyo inasikia nini, na sehemu yake inayosikia imewekwa wapi?

Maoni yangu ni kwamba kifaa kipya cha aina hii kinapaswa kubuniwa kuanzia juu ya mlingoti, pale antena inapoungana na waya, kisha kishuke kuelekea mezani. Desturi iliyozoeleka ni kinyume chake: hubuniwa sanduku moja zuri la mezani lenye kila kitu ndani, halafu mwenye kulinunua huachiwa kazi ya kufidia kasoro zake kwa kebo nene, vikuzaji vya ziada na rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) za kuunganisha mwenyewe.

Watu wengi wanaijua VHF kupitia redio za mkononi zinazotumia FM, ambazo husikika vizuri hadi karibu na upeo wa macho na kisha hunyamaza ghafla. FM ina kizingiti chake. Wimbi likishuka chini ya kizingiti hicho, maneno yote hupotea kwa pamoja. Waendeshaji wa mawimbi dhaifu hutumia SSB, ambayo hubeba sauti ndani ya upana wa takriban kilohezi 2.5, au alama za Morse, au mitindo ya kidijitali inayobanwa ndani ya makumi ya hezi tu, kwa sababu upana ukipungua kelele inayoingia pamoja na ujumbe nayo hupungua. Antena zao ni ndefu, zenye kuelekezwa upande mmoja, na vijiti vyake hulazwa mlalo. Kwa vifaa hivyo hunasa mawimbi yaliyokunjwa na tabaka za hewa zenye joto tofauti, yaliyoakisiwa na nyayo za vimondo kwa muda ambao mara nyingi hautimii hata sekunde moja, au yaliyogonga uso wa mwezi na kurudi.

Haya si mambo ya jana. Mwaka 1957 waendeshaji wawili wa ridhaa, mmoja akiwa California na mwingine Hawaii, waliwasiliana kwenye megahezi 144 kwa umbali unaozidi kilomita 4,000, umbali ambao vitabu vya wakati huo havikuutarajia katika masafa hayo. Julai 1960 vituo viwili vya ridhaa nchini Marekani, kimoja Massachusetts na kingine California, vilifanikiwa kuwasiliana kupitia mwezi kwenye megahezi 1,296. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka hapa, hivyo wimbi huchukua takriban sekunde 2.5 kwenda na kurudi, na katika safari hiyo hupoteza kiasi cha desibeli 252 kwenye megahezi 144 na desibeli 271 kwenye megahezi 1,296. Kila desibeli 10 ni mgawanyo kwa kumi, hivyo desibeli 252 maana yake ni kwamba nguvu iliyorushwa imegawanywa kwa moja yenye sifuri 25 mbele yake, na zaidi ya hapo. Wimbi lililopitia mgawanyo huo haliokolewi kwa skrini ya kugusa.

Msaada mkubwa wa miaka ya karibuni umetoka upande wa programu. Joe Taylor, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa (nyota inayotoa mapigo ya mawimbi ya redio) yenye mwenza, ni mwendeshaji wa redio ya ridhaa, na mwaka 2001 alitoa programu ya WSJT iliyochukua mbinu za kuchambua mawimbi hafifu na kuzipeleka kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Mtindo wa JT65 ulifuata mwaka 2003. FT8, alioubuni pamoja na Steve Franke, ulitoka mwaka 2017. Na Q65, uliotengenezwa kwa ajili ya njia ngumu kama vile mwezi na mtawanyiko wa angahewa, ukaja mwaka 2021. JT65 huweza kusomeka wimbi likiwa desibeli 24 chini ya kelele, kelele hiyo ikipimwa katika upana wa hezi 2,500. Kituo chenye antena moja ya Yagi (ile ya vijiti vilivyopangwa safu), ambacho zamani kisingethubutu kuuelekea mwezi, sasa kinaweza kufanya mawasiliano kamili na kituo kikubwa. Bahati mbaya ni kwamba mafanikio hayo yamewapa baadhi ya watengenezaji wa vifaa kisingizio cha kulegea, kana kwamba programu itasafisha kila kitu kinachochafuliwa na redio. Programu haiwezi kurudisha kilichopotea kabla ya wimbi kufika kwenye transista ya kwanza.

Hapo ndipo suala la mlingoti linapoingia, nami naomba uvumilivu wa wasomaji kwa hesabu kidogo. Chukua kituo cha megahezi 432 kilichounganishwa kwa mita 20 za kebo ya RG-213, ambayo ni kebo ya heshima na inayotumiwa na wengi. Kwenye masafa hayo kebo hiyo hula karibu desibeli 3, yaani nusu ya nguvu yote. Tuseme redio ya mezani ina kipimo cha kelele, yaani kelele ambayo redio yenyewe huongeza, cha desibeli 3. Desibeli 3 za kebo na 3 za redio hujumlishwa zikawa 6, na mfumo mzima, ukitazamwa kutoka kwenye antena, huongeza kelele sawa na ile ya kitu chenye joto la kelvini 865 hivi. Sasa weka kikuzaji cha awali chenye kipimo cha desibeli 0.5 na ukuzaji wa desibeli 20 pale pale kwenye antena, kabla ya kebo. Kikuzaji hicho huongeza kelvini 35 tu, na mzigo wote wa kebo na redio, ukishagawanywa kwa mia moja na ukuzaji wake, hubaki chini ya kelvini 9. Jumla ni kelvini 44. Antena iliyoelekezwa kwenye anga baridi ikiwa yenyewe inaleta kelvini 70, mfumo wa kwanza una kelvini 935 na wa pili una 114. Tofauti ni zaidi ya desibeli 9, kwa hiyo rafiki aliye upande wa pili angelazimika kuongeza nguvu zake mara nane ili kukufikishia kile ambacho kikuzaji kidogo kingekupa bila yeye kugusa chochote.

Kanuni iliyo nyuma ya hesabu hiyo iliandikwa na Harald Friis mwaka 1944, na haijapata mpinzani: hatua ya kwanza ndiyo inayoamua. Ni haki pia nikiri kwamba faida hiyo haiko sawa katika kila masafa. Kwenye megahezi 144 anga lenyewe lina kelele nyingi, kelvini mia kadhaa hata pale palipotulia zaidi na maelfu antena inapoelekea katikati ya galaksi yetu, hivyo kushuka kutoka desibeli 1 hadi 0.3 hakutasikika na wengi. Kwenye megahezi 50 mtu anaweza kuishi vizuri na redio yake ya mezani. Kuanzia megahezi 432 kwenda juu, anga likiwa baridi na kebo zikiwa na njaa, hakuna mjadala.

Wapo watakaosema kwamba vikuzaji vya juu ya mlingoti vimekuwapo miaka mingi na kila mtu anaweza kununua chake. Ni kweli, lakini kununua kipande cha mtu mwingine na kukibandika mbele ya redio ambayo haikukitarajia huleta matatizo yake. Redio inapoanza kurusha, kikuzaji lazima kiwe kimeshaondolewa njiani na rilei kabla wati ya kwanza haijatoka, na lazima kirudishwe baada tu ya wati ya mwisho kwisha. Mpangilio huo ukikosewa kwa elfu chache za sekunde, transista huungua bila moshi wala mlio, na mwenyewe hugundua wiki ya pili anapojiuliza kwa nini hasikii mtu. Redio iliyobuniwa tangu mwanzo ikiwa na sehemu mbili, moja ya juu na moja ya chini, hupanga zamu hizo yenyewe. Watengenezaji wa redio Icom walielekea upande huo mwaka 2023 na redio yao ya IC-905, ambayo sehemu yake ya mawimbi hukaa nje karibu na antena na kuunganishwa na ya mezani kwa kebo moja ya mtandao inayobeba data na umeme kwa pamoja. Sisemi kwamba ndiyo redio bora kuliko zote kwa mawimbi dhaifu. Nasema mpangilio wake umeelekea panapofaa, na wengine wangefaa kuufuata kwa nguvu kubwa zaidi ya kurusha na kwa sehemu ya mbele iliyosafishwa zaidi.

Kuhamia juu kuna gharama. Kuna jua, mvua, radi, na mtu wa kupanda mlingoti kitu kinapoharibika. Lakini ugumu unaonisumbua mimi zaidi ni wa kiufundi na huzungumzwa mara chache: antena nzuri iliyo juu hupokea kila kitu, zikiwamo stesheni za FM za megahezi 88 hadi 108 na minara ya simu, na transista laini ya kelele ndogo hulemewa upesi na mawimbi hayo makubwa. Dawa ni kichujio, ila kichujio kinachowekwa mbele ya transista nacho kina upotevu wake, desibeli 0.3 tu huongeza kelvini 21, ambazo ni zaidi ya nusu ya kelele ya kikuzaji chenyewe katika mfano niliotoa. Mbunifu mwenye busara ataweka kichujio chepesi sana mbele, au asiweke kabisa, atachagua transista ya kwanza inayostahimili mawimbi makubwa hata kama si bingwa wa kelele ndogo, na ataweka kichujio kikali baada ya hatua hiyo. Nani kati ya watengenezaji amewaeleza wanunuzi wake alichagua nini, na kwa nini? Kurasa za matangazo zimejaa picha, na juu ya hili ziko kimya.

Jambo la pili ambalo mlingoti hulifanya kuwa gumu ni saa ya redio, yaani osileta ambayo masafa yote hutokana nayo. Osileta iliyofidiwa joto yenye usahihi wa nusu sehemu kwa milioni huonekana bora kwenye karatasi, na kwenye megahezi 144 huweza kukosea kwa hezi 72 tu. Kwenye megahezi 1,296 kosa hilo hilo ni hezi 648, wakati mawimbi ya FT8 yana upana wa hezi 50 na toni za Q65 katika namna yake nyembamba ya dakika moja zimeachana kwa hezi 1.67. Hapa wengi huchanganya usahihi na utulivu. Redio iliyokosea kwa hezi 300 lakini ikabaki hapo hapo inaweza kutafutwa na kupatikana. Redio iliyo sahihi kabisa mwanzoni mwa dakika na kuteleza hezi 15 kabla dakika haijaisha imejiharibia ujumbe wake yenyewe, kwa kuwa programu hukusanya nishati ya kila toni kwa muda wote huo. Zipo redio ambazo feni ya kupoza ikianza kuzunguka, hewa huipiga fuwele ya osileta na masafa hurukia pembeni, kisha feni ikizimika yanarudi polepole. Huo ni uzembe wa kupanga vipuri ndani ya sanduku, na hausameheki katika kifaa kinachouzwa kwa ajili ya kazi hii.

Kuifungia saa kwenye satelaiti za GPS kunatatua usahihi kwa gharama isiyotisha, na ningependa tundu la kupokea mawimbi ya rejea ya megahezi 10 liwe sharti la chini kabisa kwa kila redio mpya ya UHF. Mwendeshaji anayetumia mwezi huihitaji zaidi, maana mwendo wa dunia huyasogeza masafa ya mwangwi kwenye megahezi 1,296 kwa kilohezi kadhaa karibu na kuchomoza na kuzama kwa mwezi. Programu hulikokotoa badiliko hilo vizuri, na ukokotoaji huo hauna thamani kama redio yenyewe haijui iko wapi. Marekebisho ya GPS yafanywe taratibu, lakini. Mzunguko unaosahihisha masafa kwa miruko kila sekunde chache humtendea msikilizaji yale yale yanayotendwa na feni.

GPS haitibu, hata hivyo, kelele ya awamu, ambayo ni ukungu unaozunguka kila masafa yanayozalishwa na osileta isiyo safi. Katika mashindano, jirani wa kilomita chache anayerusha kilowati moja anaweza kufika kwenye kipokezi chako akiwa na desibeli 30 chini ya miliwati. Kama osileta yako, kilohezi 20 kutoka kwenye masafa yake, ina kelele ya desibeli 120 chini ya wimbi kuu kwa kila hezi, basi ukungu wake na wimbi la jirani huchanganyika na kukuachia sakafu ya kelele ya desibeli 150 chini ya miliwati kwa hezi, wakati sakafu ya asili kwenye joto la kawaida ni 174. Umepoteza desibeli 24 za kusikia, na kikuzaji chako cha mlingotini, kwa desibeli zake 9 nilizozisifu, hakina la kukusaidia. Ni kama kumnong'oneza mtu siri katikati ya ngoma. Kibaya zaidi, ukungu huo ukiwa upande wa mrushaji, hakuna kichujio duniani ambacho mpokeaji anaweza kukiweka kujikinga, kwa sababu kelele imeshatua ndani ya masafa yake halali. Nguvu zisizo safi ni adha kwa jirani, na katika masafa tunayoshirikiana hakuna kanuni ya mwenye nguvu mpishe. Uchafu mwingine, ule unaotokana na kikuzaji kikubwa cha kurushia, una dawa: mbinu ya kukunja mawimbi kinyume kabla ya kikuzaji hicho ili makosa yake yajifute, ambayo redio za programu za HF (masafa yaliyo chini ya megahezi 30) zimeitumia kwa mafanikio, ingeweza kuingizwa katika vifaa vya VHF bila kungoja uvumbuzi wowote mpya.

Naongeza jambo moja ambalo ni matamanio zaidi kuliko lawama. Wimbi linalopita kwenye ionosfia kwenda mwezini huzungushwa mkao wake, kiasi kwamba lililotoka mlalo linaweza kurudi likiwa wima, na antena ya mlalo isilisikie kabisa. Hutokea hata kituo kimoja kikamsikia mwenzake vizuri na mwenzake asisikie chochote, kwa saa nzima. Wenye antena za vijiti vilivyopishana na vipokezi viwili vinavyotumia saa moja huyachanganya mawimbi ya mikao yote miwili ndani ya kompyuta na kuyapata vyovyote yalivyogeuka. Programu ya MAP65 ya Taylor imeweza kazi hiyo kwa miaka mingi. Vipokezi hivyo viwili vingesaidia pia duniani, kufuta kelele za vigeuzi vya umeme wa jua na taa za LED ambazo zinazidi kuziba masafa ya VHF. Viwanda vimeacha kazi hii mikononi mwa mafundi wa nyumbani, wakati vipande vya silikoni vyenye njia mbili za kupokea vinapatikana sokoni.

Kwa wabunifu hao wa nyumbani nina ombi fupi. Mchoro unaotegemea transista moja maalumu huishi kadiri kiwanda kinavyopenda kuitengeneza. Tumeona transista zilizopendwa na wajenzi wa vikuzaji zikiondolewa sokoni na michoro mizuri ikibaki bila mwili. Toeni michoro pamoja na vipimo, na mwonyeshe ni vipuri gani vingine mmevijaribu mahali hapo hapo.

Kwenu ninyi gazetini, ningeomba kwamba mtakapochambua redio nyingine ya VHF au UHF mumwombe mtengenezaji kipimo cha kelele kwenye maungio ya antena kwa kila masafa, kelele ya awamu kwenye umbali wa kilohezi 20, na badiliko la masafa ndani ya dakika moja ya kurusha huku feni ikiwaka na kuzimika. Viwanda vina mitambo ya kupima yote matatu, na visipoyatoa, msomaji aambiwe hivyo. Hilo la kwanza hata mwendeshaji mwenyewe anaweza kulikagua bila maabara: aelekeze antena kwenye jua, asome kelele, aigeuze kwenye anga baridi, asome tena, kisha alinganishe tofauti hiyo na ile inayotarajiwa kwa antena ya ukubwa wake na kwa nguvu ya mawimbi ya jua iliyotangazwa siku hiyo.

Wasalaam,

Msomaji wenu na mwendeshaji wa redio ya ridhaa